Job na Ayubu ni Jina Moja

Mnamo Juni 2018 mwanamuziki wa Marekani Kanye West alitoa albamu yenye wimbo uitwao "Yikes". Katika orodha ya watunzi wa wimbo huo yamo majina mawili ya Wakenya, James Mbarack Achieng na Ayub Ogada, kwa sababu kipande cha sauti kinachoubeba kilichukuliwa kutoka santuri ya bendi ya Nairobi ya miaka ya 1970 iliyoitwa Black Savage. Santuri hiyo ni "Kothbiro". Wengi waliomjua Ogada walimjua kama mzee mpole wa nyatiti, kinubi cha Waluo, mwenye nyuzi 8 mapajani na sauti ya chini, kana kwamba alizaliwa na chombo hicho mkononi. Jina lake kwenye wimbo wa vijana wa Marekani, kupitia bendi ya roki, linatulazimisha tuisome upya historia yake. Alipiga roki, akaigiza katika filamu za Uingereza na Marekani, akaimba kwenye vituo vya treni vya London, akapanda majukwaa makubwa ya dunia, kisha akarudi kuishi kando ya Kisumu. Mtazamaji wa haraka ataona mtu aliyebadilisha kazi mara nne au tano. Ninachodai hapa ni kwamba alikuwa na kazi moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba mgawanyiko tunaouona ni wetu sisi tuliozoea kumpa kila msanii kibandiko kimoja.

Dai hili lina uzito wa pekee kwa mtu anayeliangalia kutoka Bumula, kusini magharibi mwa mji wa Bungoma, au kutoka Kitale ambako Wabukusu wengi walihamia kufanya kazi na baadaye kununua mashamba. Ogada alikuwa Mluo aliyezaliwa Mombasa, na mtu anaweza kusema kuwa habari zake zinawahusu watu wa ziwani. Lakini nyatiti ina ndugu. Wabukusu wana litungu, Wagusii wana obokano, Wakipsigis wana kibugandet, na zote ni jamii moja ya vinubi: kasha la sauti lililofunikwa ngozi, mikono miwili inayotoka humo na mti wa juu unaobeba nyuzi. Jamii hizi zimetofautiana kwa lugha na mara nyingine kwa siasa, lakini mafundi wao wa ala walijibu swali moja kwa jibu moja. Anayetaka kujua yatakayompata kijana wa Kimaeti au Mateka mwenye litungu la babu yake ana sababu nzuri ya kuyachunguza yaliyompata Mluo huyu, kwa kuwa hakuna ndugu mwingine wa litungu aliyepelekwa mbali kiasi hicho na mtu mmoja.

Tuanze na namna kazi yenyewe ilivyokuwa kabla ya redio. Mpiga litungu aliyealikwa arusini, kwenye matanga au kwenye shamrashamra za jando la Agosti hakuitwa kupiga nyuzi pekee. Alisifu ukoo wa mwenyeji, akamchokoza tajiri mchoyo aliyekaa pembeni, akaigiza sauti ya mke anayelalamika na mume anayejitetea, kisha akarudi kwenye sifa kabla mtu hajakasirika. Kicheko kilikuwa sehemu ya malipo yake, na wakati mwingine ndicho kilichomwezesha kusema ambayo mwingine angepigwa kwa kuyasema. Ndivyo ilivyo pia kwa omuswali, yule msemaji anayekuja siku chache baada ya mazishi ya mzee kuendesha kumuse. Hutembea uwanjani peke yake mbele ya umati uliokaa kimya, akisimulia historia ya koo, akiwaonya walio hai, akipenyeza mzaha mahali ambapo huzuni imezidi. Ukimuuliza mtu wa Bumula kama omuswali ni mwanahistoria, mwigizaji, mhubiri au mchekeshaji, swali lenyewe litaonekana geni. Anafanya kazi ya omuswali, na kazi hiyo ina yote hayo ndani yake.

Pengine mtu atasema kuwa huo ulikuwa ulimwengu uliofungwa, na kwamba muziki wa nje ulipofika ndipo kila kitu kilipochanganyika. Ushahidi unaonyesha vingine. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis na kurekodi wimbo uliojulikana kama "Chemirocha". Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko pamoja na gramafoni. Wakipsigis walilisikia jina lake, wakaligeuza kwa matamshi yao, wakamfanya kiumbe wa hadithi aliye nusu mtu nusu mnyama, wakamwimbia kwa kinubi chao. Hakuna aliyewaambia wachague kati ya gitaa la Mmarekani na kibugandet cha nyumbani. Waliuchukua ugeni ule wakautia ndani ya chombo walichokuwa nacho, pamoja na mzaha wake. Miaka 20 na kitu kabla ya Black Savage kurekodi "Kothbiro", kinubi cha magharibi mwa Kenya kilikuwa kimeshaonyesha kwamba hakiogopi sauti ya kigeni.

Hata mijini, mtu wa vipaji vingi alikuwa jambo la kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi Edouard Masengo, mpiga gitaa kutoka Katanga aliyekulia katika mazingira ya makundi ya vijana wachekeshaji wa Elisabethville, mji ambao sasa unaitwa Lubumbashi. Huku Nairobi alifanya kazi na Peter Colmore, mtayarishaji wa muziki na matangazo, na gitaa lake likatumika kuburudisha na kuuza bidhaa kwa pamoja. Wasikilizaji hawakuhitaji kuelezwa kama Masengo ni mwimbaji anayechekesha au mchekeshaji anayeimba. Mgawanyiko ulikuja polepole kadiri utangazaji ulivyopangwa kwa saa na vipindi. Redio na baadaye runinga zilihitaji saa ya vichekesho, saa ya nyimbo na saa ya mchezo wa kuigiza, na kila saa ikawa na watu wake. Kwa hiyo Benson Wanjau alipata umaarufu kama Mzee Ojwang' wa "Vitimbi", Mkikuyu aliyeigiza mzee wa Kiluo kwa ustadi uliowafanya watu wengi wasijue kwao hasa ni wapi. Charles Bukeko wa Busia, jirani wa Bumula, akawa Papa Shirandula, mlinzi wa lango anayewaficha jamaa zake kazi yake halisi. Wanjau alifariki Julai 2015 na Bukeko Julai 2020, na nchi iliwalilia wote wawili kwa majina ya wahusika wao. Huo ni ushindi mkubwa kwa mwigizaji, lakini unaonyesha pia jinsi kibandiko kimoja kinavyoweza kumfunika mtu mzima.

Katika nchi inayojifunza kugawanya hivyo ndipo alipokulia Job Seda, ambaye baadaye angeitwa Ayub Ogada. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956 katika familia ya Kiluo. Utotoni alikwenda na wazazi wake Marekani, mjini Chicago, ambako baba yake alisomea udaktari, na wazazi hao wawili waliimba muziki wa Kiluo mbele ya hadhira za Wamarekani. Jambo hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Watu wengi hudhani kwamba mtoto aliyelelewa ng'ambo husahau ya kwao, kisha akikua huyatafuta kwa majuto. Seda alikutana na muziki wa Kiluo jukwaani, ukiwa umetengenezwa kwa ajili ya watu wasioujua, ukielezwa, ukifupishwa, ukiuzwa. Kwake mila na onyesho havikuwahi kuwa vitu viwili. Alijua tangu mdogo kwamba wimbo wa nyumbani unaweza kusafiri na kwamba anayeusafirisha lazima afikirie nani anasikiliza. Elimu hiyo ndiyo iliyomwongoza katika kila alilofanya baadaye.

Nairobi ya miaka ya 1970 ilikuwa mji wa bendi. Palikuwa na rumba ya Wakongo, benga ya ziwani, bendi za Mombasa kama Hodi Boys ya Slim Ali zilizopiga soul kwa watalii, na vijana waliosikiliza gitaa kali la Uingereza na Marekani wakataka la kwao. Black Savage ilikuwa miongoni mwa bendi za vijana hao, na Seda akawa ndani yake. Nyimbo zao nyingi ziliimbwa kwa Kiingereza, na jina lenyewe la bendi, lenye kuchukua tusi la mkoloni na kulivaa kama joho, ni la kizazi kilichozaliwa kabla tu ya uhuru. Hata hivyo mmoja wa nyimbo walizorekodi katika miaka hiyo ulikuwa wa Dholuo. "Kothbiro" maana yake ni mvua inakuja, na wimbo unawataka watu warudishe ng'ombe nyumbani. Sauti ni ya bendi ya mjini yenye ala za umeme, lakini onyo ni la mchungaji anayetazama wingu juu ya ziwa. Hapa ndipo ninapoanzia ushahidi wangu. Wimbo utakaomfanya Ogada ajulikane duniani kwa nyatiti ulikuwa umeshazaliwa, na ulizaliwa katika bendi ya roki.

Hatua iliyofuata ilikuwa African Heritage. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, pamoja na Mmarekani Alan Donovan, walikuwa wamefungua jijini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970 jumba la sanaa lenye jina hilo. Mwaka 1979 Seda alishiriki kuanzisha African Heritage Band, bendi iliyoweka ala za jadi pamoja na gitaa la umeme, na iliyokwenda Ulaya na maonyesho ya mavazi na vito yaliyoandaliwa na Donovan. Anayependa usafi wa mila anaweza kuikataa kazi hiyo kwa kusema kwamba muziki uliowekwa kusindikiza wanamitindo ni pambo. Ninaelewa wasiwasi huo. Lakini tuangalie kilichotokea kiufundi. Mwanamuziki aliyetoka kwenye roki alilazimika kukaa mazoezini na ala ambazo hazikuundwa kushindana na kipaza sauti, akajifunza mahali pa kuzipisha na mahali pa kuziongoza. Tofauti ya jukwaa hilo na uwanja wa mazishi ni kubwa, lakini kazi ya msingi ni ile ile ya mpiga litungu wa Bumula: kusoma waliohudhuria na kuamua sauti ipi iwafikie sasa hivi.

Filamu zilikuja katikati ya hayo. Mwaka 1985 Sydney Pollack alitoa "Out of Africa", iliyopigwa Kenya kutokana na maandishi ya Karen Blixen, na Job Seda akaigiza Kanuthia, mtumishi wa Denys Finch Hatton. Filamu hiyo ilishinda tuzo 7 za Oscar. Mwaka 1987 alionekana tena katika "The Kitchen Toto" ya Harry Hook, hadithi ya mtoto wa jikoni katika Kenya ya mwaka 1950, vuguvugu la Mau Mau likianza kuchemka. Hapa lazima nikiri mpaka wa hoja yangu. Katika filamu ya kwanza Waafrika wamesimama nyuma ya mapenzi ya Wazungu, na Kanuthia hana nafasi ya kusema neno lake mwenyewe. Mwigizaji alikopesha mwili na uso kwa hadithi ya mtu mwingine, jambo ambalo omuswali hafanyi kamwe, kwani omuswali ndiye mwenye uwanja. Kwa hiyo nikisema kazi yake yote ilikuwa moja, sisemi kwamba kila sehemu ilimpa uhuru sawa. Uigizaji wa filamu ndio uliompa uhuru mdogo zaidi, na huenda ndiyo sababu mojawapo nyatiti ilimfaa: ala ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba, kuipiga na kuiimbia bila kumsubiri mwelekezi wala mwenye mtaji.

Mwaka 1986 aliondoka kwenda Uingereza, na jina lililojulikana huko ni Ayub Ogada. Wengi hulichukulia badiliko hilo kama mtu aliyevua ngozi ya zamani: Job wa roki akafa, Ayub wa jadi akazaliwa. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anajua kosa lililomo. Kitabu ambacho Waingereza wanakiita Job ndicho tunachokiita Ayubu. Ni mtu yule yule, wa mateso yale yale na subira ile ile, aliyetamkwa kwa lugha nyingine. Seda alifanya kwa jina lake kile alichokuwa akikifanya kwa muziki wake tangu mwanzo, yaani kukihamisha kitu kutoka kinywa kimoja hadi kingine bila kukiacha nyuma. Ogada ni jina la Kiluo. Akiwa London alipiga nyatiti kwenye njia za treni za chini ya ardhi, mbele ya watu waliokuwa wakikimbilia kazini. Kwa mpigaji hiyo ni shule kali. Hakuna mwenyeji wa kusifu wala ukoo wa kutaja, na msikilizaji ana sekunde chache kabla hajapita. Anayefaulu hapo amejifunza kufupisha, kurudia kwa busara na kuifanya sauti moja ijaze ukumbi wa zege.

Mwaka 1988 alipata nafasi ya kupiga katika tamasha la WOMAD, ambalo Peter Gabriel alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, na safari yake ikabadilika. Alizunguka na wanamuziki wa kampuni ya Real World, na mwaka 1993 ikatoka albamu yake "En Mana Kuoyo", maana yake ni mchanga tu. Ndani yake imo "Kothbiro", sasa bila ngoma za bendi wala gitaa la umeme, nyuzi za nyatiti zikianguka pole kama matone ya kwanza. Mwaka 2005 Fernando Meirelles aliutumia wimbo huo katika "The Constant Gardener", filamu iliyopigwa sehemu yake Kenya, na wasikilizaji ambao hawajui neno moja la Dholuo wakajua kwamba sauti ile inaonya. Kisha mwaka 2018 toleo la zamani la Black Savage likafufuka katika "Yikes". Tuzipange tarehe hizi: roki katika miaka ya 1970, nyatiti mwaka 1993, filamu mwaka 2005, hip hop mwaka 2018. Wimbo mmoja umepita katika vyumba vinne ambavyo maduka ya santuri huviweka mbali mbali, na katika kila chumba umetambulika. Kama kazi ya mtu huyu ingekuwa imevunjika vipande, kipande kimoja kisingeweza kupita milango yote hiyo.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wapenzi wa simulizi ya kurudi nyumbani. Wao husema Ogada aliiga Wazungu ujanani, akatambua kosa lake, akarudi kwenye mizizi, na hapo ndipo sanaa yake ya kweli ilipoanza. Simulizi hii inapendeza kwa sababu inatupa funzo rahisi la mwacha mila ni mtumwa. Tatizo lake ni kwamba tarehe zinaikataa. "Kothbiro" haikuokotwa kijijini baada ya kutubu. Ilitungwa katika kile kipindi kinachoitwa cha kuiga, na jina la mwenzake wa wakati huo, Achieng, limeandikwa pamoja na lake hadi leo. Nyatiti iliutoa wimbo huo katika umbo jipya, lakini haikuuzaa. Tukikubali simulizi ya toba tutalazimika kumfuta Achieng na bendi nzima ya vijana waliofikiri, mwongo mmoja tu baada ya uhuru, kwamba onyo la mchungaji linafaa kupigwa kwa umeme. Itakuwa dhuluma kwao, na itakuwa historia mbovu.

Pingamizi la pili ni la mafundi wa nyatiti wenyewe, na ndilo ninaloliheshimu zaidi. Nyatiti ya jadi hupigwa na mtu aliyekaa karibu na ardhi, pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu ikigonga mti wa ala na njuga zikilia mguuni. Ni muziki wa kasi, wenye maneno mengi, unaotaja watu kwa majina yao na koo zao, na mpigaji anaweza kukesha. Ukiulinganisha na albamu ya mwaka 1993, utaona kwamba Ogada amepunguza maneno, amepunguza kasi, na zile sifa zinazomhusu mtu fulani wa kijiji fulani karibu zimetoweka. Hilo ni kweli, na hasara ipo. Mcheshi anayemtania mzee mchoyo kwa jina anahitaji kijiji kinachomjua mzee huyo. London haina kijiji hicho. Kwa hiyo kicheko kilipotea njiani. Ninachokataa ni kulihesabu hilo kuwa udanganyifu. Msanii alipopoteza wasikilizaji wanaojua majina, alibakiza kile ambacho mtu yeyote anaweza kukishika: wingu, ng'ombe, mchanga, sauti ya anayeita. Huo ni uamuzi wa fundi anayejua chombo chake kinaweza kubeba nini na kwa umbali gani.

Wa tatu watanikumbusha methali kwamba mshika mbili moja humponyoka. Kwao, mtu mwenye roki, filamu na nyatiti hakufika kilele cha hata kimoja. Jibu liko kwa jirani zetu wa Uganda. Geoffrey Oryema, Mwacholi, alisomea maigizo Kampala na kuunda kundi la Theatre Limited kabla ya kukimbilia Ufaransa, baada ya baba yake, waziri Erinayo Oryema, kuuawa mwaka 1977 chini ya Idi Amin. Ni mtu wa jukwaa la maigizo aliyekuja kutoa albamu "Exile" mwaka 1990 kupitia kampuni ile ile ya Real World, akiimba na kupiga ala za kwao. Watu wawili wa Afrika Mashariki, wa lugha zilizo karibu, mmoja akitoka kwenye roki na mwingine kwenye tamthilia, waliingia mlango mmoja katika miaka ile ile. Si bahati nasibu. Kilichowafikisha ni uwezo wa kusimama peke yao mbele ya wageni na kuwafanya wanyamaze, na uwezo huo hulelewa na jukwaa la kila aina. Methali inamhusu anayefukuza mawindo mawili yanayokimbilia pande mbili. Hawa walifuata windo moja kwa silaha tofauti.

Lipo pingamizi la mwisho, chungu kidogo: kwamba mfano huu unawafundisha vijana kuwa heshima iko ng'ambo, kwa kuwa nabii hakubaliki kwao. Ni kweli kwamba London ndiyo iliyompa Ogada studio na tamasha. Lakini alirudi. Aliishi Nyahera, karibu na Kisumu, na akafanya kazi na mpiga gitaa Mwingereza Trevor Warren iliyozaa albamu "Kodhi", yaani mbegu. Alifariki tarehe 1 Februari 2019. Gitaa na nyatiti vilikuwa pamoja katika albamu hiyo ya miaka yake ya mwisho kama vilivyokuwa pamoja katika African Heritage. Lawama kuhusu ng'ambo inatuangukia sisi kuliko yeye. Kule kulikuwa na watu waliokuwa tayari kumsikiliza mtu mmoja akiwa mambo mengi. Huku tulimngoja aamue kwanza yeye ni nani.

Na bado tunawangojea wengine. Nchini Kenya mtoto mwenye kipaji hukutana na mashindano mawili makubwa, tamasha la muziki na tamasha la drama, kila moja na msimu wake na waamuzi wake. Mtoto wa Bumula anayepiga litungu ataelekezwa kwenye muziki, na yule anayewavunja wenzake mbavu kwa kuigiza chifu ataelekezwa kwenye drama. Mara nyingi ni mtoto yuleyule, na mwalimu mwenye nia njema humshauri achague. Ni kweli kwamba tamasha la drama limepanua milango kwa masimulizi na dansi bunilifu, na mtaala mpya umeipa sanaa njia yake katika sekondari ya juu. Mambo hayo yanastahili pongezi. Lakini njia haitoshi kama ndani yake kuna vibanda vilevile. Ninachopendekeza ni kidogo na kinawezekana: mtoto anayekuja na litungu aruhusiwe kuchekesha, kuigiza na hata kuunganisha nyuzi zake na umeme katika onyesho moja, na ahukumiwe kwa jinsi alivyowashika waliomsikiliza, kama anavyohukumiwa omuswali uwanjani. Babu zake hawakuulizwa wachague. Tukimlazimisha yeye, tutapata nusu ya msanii, na hatutajua nusu tuliyoiacha nje ilikuwa na wimbo wa kutembea zaidi ya miaka 40 kutoka santuri ya Nairobi hadi masikio ya watu ambao hawajawahi kuona ng'ombe wakirudishwa nyumbani kabla ya mvua.